Simu Ikikuonya, Simama Kwanza: Kosa Nililowafundisha Wakulima Wangu

Najua wengi mlitegemea wiki hii tuendelee na somo la viwavijeshi vamizi, na kweli litakuja. Leo naomba tuongelee kifaa ambacho siku hizi kipo shambani kila siku kama jembe, yaani simu. Nina maoni yangu kuhusu apdeti za simu na maonyo yake, na nina kosa la kukiri. Makala ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Nianze na kosa.

Msimu uliopita nilikuwa nazunguka vijijini kuwaonyesha wakulima programu moja ya simu ya kutambua magonjwa ya mazao. Unapiga picha ya jani, inakwambia huenda ni ugonjwa gani. Programu yenyewe ni nzuri na haina tatizo. Tatizo lilikuwa namna nilivyoigawa. Kijijini mtandao ni wa kubahatisha na bando ni ghali, kwa hiyo badala ya kumwambia kila mtu aishushe mwenyewe kutoka Play Store, nilichukua faili lake nikawatumia kwa bluetooth tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Wale ambao hawakufika nikawarushia kwenye grupu la WhatsApp la kikundi.

Karibu kila simu ilikataa mara ya kwanza. Yalitokea maandishi kwamba kwa usalama wako, simu hii hairuhusiwi kuweka programu zisizojulikana kutoka hapa. Wakulima wakaniangalia mimi. Nakumbuka kabisa maneno yangu: "Hilo ni onyo la kawaida tu. Ingieni kwenye setingi, ruhusuni, halafu muendelee." Wakaruhusu. Tukapiga picha majani ya mahindi, tukacheka, tukaachana.

Hakuna aliyerudi kuizima ile ruhusa, na mimi sikuwakumbusha.

Mwezi wa nane, wakati watu wanajiandaa na mbolea, mweka hazina wa kikundi hicho alitumiwa ujumbe WhatsApp. Ulisema kuna apdeti mpya ya mfumo wa ruzuku, na kwamba mkulima ambaye hataiweka kabla ya saa sita usiku atafutwa kwenye orodha. Chini yake kulikuwa na faili. Akalibonyeza. Simu ikamwonya kwamba programu hiyo inaweza kuwa na madhara. Akabonyeza "weka tu". Programu ikaomba ruhusa ya kusoma SMS zake, akakubali. Ikaja picha yenye rangi za taifa na neno "subiri", basi. Hakuna kingine kilichotokea.

Siku mbili baadaye, jioni, WhatsApp yake ikajifunga yenyewe. Mtu mahali fulani alikuwa ameingiza namba yake kwenye simu nyingine. Ile namba ya tarakimu sita ya kuthibitisha ilipokuja kwa SMS, programu ile iliisoma na kumpelekea mwizi. Dakika chache baadaye kwenye grupu la kikundi ukatokea ujumbe kutoka kwa mweka hazina: michango ya kununua mbolea kwa pamoja mwisho ni leo, laini yangu ina shida, tumeni kwenye namba hii.

Wote tunaijua ile SMS ya "ile pesa itume kwenye namba hii". Tunaifuta tukicheka. Lakini hii haikutoka kwa mtu asiyejulikana. Ilikuwa na picha ya mama yetu, jina lake, na ilitokea kwenye grupu ambalo amekuwa akiandika kila wiki. Wanachama tisa walituma, kila mmoja shilingi 35,000. Jumla 315,000. Wa kumi ndiye aliyeshtuka, kwa sababu kabla ya kuthibitisha muamala aliona jina la mwanaume asiyemfahamu. Akampigia simu ya kawaida, mama akapokea, akashangaa.

Hela hazikurudi. Na kama mnavyojua vijijini, maneno yakaanza. Wengine wakasema amekula hela na kusingizia wezi wa mtandao. Huyu mama amekaa na hela za kikundi miaka sita bila kupotea hata mia.

Alinifuata ofisini. Hakuja kunilaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida: "Bwana shamba, si wewe ulisema likitokea lile onyo ni la kawaida tu, tubonyeze tuendelee?"

Sikuwa na jibu. Kwenye mkutano wa kikundi uliofuata nilisimama nikaeleza jinsi wizi ulivyofanyika, na nikasema mimi ndiye niliyewafundisha kupita juu ya onyo. Mama ameendelea kuwa mweka hazina. Lakini nimekaa na swali lile tangu siku hiyo, na ndiyo maana naandika.

MAONI YANGU

Watu wengi wakisikia habari kama hii wanasema "wakulima hawana elimu ya mitandao". Sikubaliani. Mweka hazina yule alifuata mafunzo, na mafunzo aliyoyafuata yalikuwa yangu. Maonyo ya simu yamepoteza nguvu kwa sababu sisi tunaoaminiwa, maafisa, viongozi wa vikundi, vijana mafundi simu, watoto wetu wanaorudi kutoka mjini, tumekuwa tukiwaambia watu "achana nayo hiyo, bonyeza tu".

Fikirieni viuatilifu. Kwenye lebo kuna mkanda wa rangi: mwekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, na kijani. Siku nikimwambia mkulima "huo mkanda mwekundu ni wa kawaida tu, nyunyiza bila barakoa", nastahili kufukuzwa kazi. Hata kama siku ile hakudhurika, nimemharibia macho yake. Mkanda mwekundu wa pili hatauona tena. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwenye simu. Programu niliyowapa haikuwa na madhara, lakini tabia niliyowapa ilikuwa nayo.

Kuna jambo lingine lililonishangaza. Nilipoikagua simu ya yule mama nilikuta programu nyingi zinasubiri apdeti halali, WhatsApp ikiwemo, kwa miezi mingi. Alikuwa anazikataa kwa sababu zinakula bando. Apdeti ya kweli aliikataa kila siku, apdeti ya uongo akaipokea usiku mmoja. Na si yeye peke yake, wengi wetu tuko hivyo. Apdeti ya kweli haiahidi kitu, inakula MB zako na baada ya hapo huoni tofauti. Ya uongo inakuja na ruzuku, na hofu, na muda wa mwisho. Ni sawasawa na mbegu. Duka lililosajiliwa liko mbali na bei ni ile ile, ila muuza mbegu feki anakufuata mpaka mlangoni, anapunguza bei, na ana haraka.

APDETI NI NINI HASA

Niseme kwa lugha ya ghala. Umejenga kihenge kizuri, lakini fundi ni binadamu, ameacha tundu asiloliona. Siku moja mtu analiona. Akiwa mwema anamwambia fundi, fundi anakuja kuziba. Apdeti ya usalama ni fundi kaja kuziba tundu. Ukimwambia "rudi wiki ijayo", tundu linabaki.

Kibaya zaidi, fundi akitangaza kwamba leo tunaziba tundu la upande wa mashariki, panya wote wanajua tundu liko wapi. Kuanzia siku hiyo, kihenge ambacho hakijazibwa kiko kwenye hatari kubwa kuliko jana.

Mifano ipo. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu kwenye kompyuta za Windows. Tarehe 12 Mei 2017, miezi miwili baadaye, kirusi kinachoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilo hilo. Kilifunga mafaili ya watu na kudai malipo. Kilienea kwenye nchi zipatazo 150, na hospitali nyingi za Uingereza zilikwama, miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Dawa ilikuwepo miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuinywa.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Mwezi Mei 2019 WhatsApp walitangaza wamegundua tundu kwenye sehemu ya kupiga simu. Mtu aliweza kukupigia, na hata kama hukupokea, akapandikiza programu ya upelelezi kwenye simu yako. Suluhisho lilikuwa moja tu, kuweka apdeti. Hakukuwa na ujanja mwingine ambao mtumiaji angeweza kufanya. Huwezi kuwa mwangalifu kiasi cha kuzuia simu isiingie.

Kwa hiyo kuwa mwangalifu peke yake hakutoshi, na apdeti peke yake hazitoshi. Yule mama hakuibiwa kupitia tundu. Aliombwa afungue mlango, akafungua. Unahitaji vyote viwili, kihenge kilichozibwa na mlango usiomfungulia kila anayebisha.

"LAKINI APDETI NAZO ZINAHARIBU SIMU"

Hili nasikia sana, na sitasema ni uongo. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma apdeti yenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zikazima na kugoma kuwaka vizuri. Ndege nyingi hazikuruka siku hiyo. Mwaka 2017 huko Ukraine wahalifu waliingia kwenye mfumo wa programu ya uhasibu inayoitwa M.E.Doc, wakapitisha kirusi cha NotPetya ndani ya apdeti zake. Waliopokea walikuwa wamefuata utaratibu kabisa. Mambo haya yanatokea, na mtu akikuambia apdeti haina hatari hata kidogo, hajui anachosema.

Tena kwenye simu ndogo za bei nafuu, apdeti kubwa ya mfumo inaweza kujaza nafasi na kufanya simu iwe nzito. Malalamiko hayo ni ya haki.

Ila tupime kama tunavyopima chanjo ya kideri kwa kuku. Ukichanja, huenda kuku wawili watatu wakapoa siku moja. Usipochanja, ugonjwa ukiingia unaweza kufagia banda zima. Mfugaji mwenye akili anachanja, ila anachanja kwa utaratibu: dawa kutoka mahali panapoaminika, iliyotunzwa kwenye ubaridi, na kuku wakiwa wazima. Na apdeti ni hivyo hivyo.

ONYO LA KWELI NA ONYO LA UONGO

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu wezi nao wanatumia maonyo. Unasoma habari kwenye mtandao, ghafla skrini inatetemeka: "Simu yako ina virusi 13! Bonyeza hapa kusafisha!" Mkulima anaambiwa asipuuze maonyo, anabonyeza, anaingia mtegoni. Sasa afanye nini?

Mimi nimepata kipimo kimoja ambacho mpaka sasa kimenisaidia kwenye mafunzo. Onyo la kweli linakwambia SIMAMA. Onyo la uongo linakwambia KIMBIA.

Onyo la kweli la simu linakuzuia kufanya kitu ambacho wewe ulikuwa unataka kukifanya. Ulibonyeza faili, simu inasema ngoja, hili silijui. Ulitaka kuingia kwenye tovuti, simu inasema muunganisho huu si salama. Ulitaka kutuma hela, skrini inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Ukilitii, hakuna kinachotokea. Hela yako iko pale pale, faili halijaingia.

Onyo la uongo linakuja wakati hujafanya kitu, na linataka ufanye kitu sasa hivi. Bonyeza, pakua, piga namba hii, tuma, usipofanya kabla ya saa sita utafutwa. Na ujue kwamba ukurasa wa mtandao hauna uwezo wa kukagua simu yako na kuhesabu virusi. Ni tangazo tu. Ufunge ukurasa huo, endelea na shughuli zako.

Na lile jina kwenye muamala ni onyo pia, hata kama halijaandikwa kwa rangi nyekundu. Watu tisa waliona jina la mwanaume wakamtumia hela mama. Siwalaumu, maana vidole vimezoea kubonyeza moja. Lakini lile jina lilikuwa nafasi yao ya mwisho.

Kuna jambo moja dogo ambalo fundi wengi hawawaambii. Wakati mwingine simu ikiisha chaji kabisa kwa siku kadhaa, tarehe yake inavurugika. Ukiiwasha, kila tovuti unayofungua inaonyesha kwamba muunganisho si salama. Hapo simu haijaingiliwa. Inalinganisha tarehe yake na tarehe za vyeti vya tovuti, haziendani. Rekebisha tarehe na saa kwanza, iweke ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao, kisha ujaribu tena. Onyo likiendelea, usiingie. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba maonyo yote ni usumbufu.

UTARATIBU NINAOUSHAURI

Kwanza, usipite mlango ulioletewa, nenda kwenye mlango unaoujua. Ukipata ujumbe kwamba kuna apdeti ya kitu fulani, usibonyeze linki wala faili. Toka nje ya ujumbe huo, fungua Play Store mwenyewe, angalia. Kama ni apdeti ya simu yenyewe, ingia kwenye setingi, tafuta sehemu ya mfumo au kuhusu simu. Kama apdeti ipo, utaikuta pale. Kama haipo pale, haipo. Apdeti ya simu yako haiji kama faili la WhatsApp, hata kama aliyetuma ni mchungaji wako au ni mimi.

Pili, Play Store ni kama duka la pembejeo lililosajiliwa: ni salama zaidi, lakini soma lebo. Mbegu iliyothibitishwa tunaikwangua lebo ya TOSCI na kuhakiki namba kwa simu, hata kama tumenunua dukani. Kwenye programu angalia jina la aliyeitengeneza na ni watu wangapi wameishusha. Programu feki zimewahi kupenya hata humo. Na zile WhatsApp za rangi nyingine zenye mambo mengi, ambazo vijana wanazipenda, si za WhatsApp wenyewe. Ziondoeni.

Tatu, suala la bando. Simu nyingi huja zimepangwa ziweke apdeti zenyewe pale tu zinapopata waifai. Sasa mkulima ambaye hajawahi kuwa na waifai nyumbani, simu yake inasubiri kitu ambacho hakitakuja. Kwa hiyo tenga siku moja kwa mwezi. Huna haja ya kuapdeti kila kitu. Anza na WhatsApp, kivinjari unachosomea habari, na programu za benki au za pesa za simu. Michezo inaweza kusubiri. Tumia bando la usiku kama mtandao wako unalo, au nenda mahali penye waifai unayoifahamu. Nafasi ikiwa ndogo, futa zile video za asubuhi njema, utashangaa.

Nne, kabla ya apdeti kubwa ya mfumo, hakikisha chaji imevuka nusu, na namba za simu na picha muhimu zimehifadhiwa mahali pengine. Orodha ya michango iandike pia kwenye daftari. Ikianza, usiizime katikati, hata ikikaa muda mrefu.

Tano, rudi kwenye setingi leo, tafuta sehemu ya kuweka programu zisizojulikana, na uzime ruhusa zote ulizowahi kutoa. Wale niliowafundisha mwenyewe, hili nawaomba kwa namna ya pekee.

Sita, kwenye WhatsApp ingia kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita. Kama mama yule angekuwa nayo, ile SMS peke yake isingemtosha mwizi. Na kama umeshaibiwa akaunti, anza kwa kuiondoa ile programu mbaya. Kisha isajili namba yako upya kwenye WhatsApp, mwizi atatolewa. Kama yeye ameshaweka namba ya siri ya hatua mbili, utasubiri siku saba. Badilisha namba ya siri ya pesa ukitumia simu nyingine, na piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mapema.

Saba, ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba iliyotolewa kwa ajili hiyo hapa Tanzania. Usiufute tu na kukaa kimya.

NA HELA ZA KIKUNDI

Hapa nina msimamo mkali kidogo. Laini inayopokea hela za kikundi isikae kwenye simu janja ambayo watoto wanachezea na magrupu kumi yanarushia mafaili. Iwekeni kwenye kitochi. Kitochi hakiwezi kuwekewa faili lile lililomwibia mama. Na simu janja ya zamani ambayo kiwanda kimeacha kuiletea apdeti, tumieni kwa redio na picha, hela msiiwekee kabisa.

Kitochi lakini kisingezuia kilichotokea kwetu, kwa sababu hela zilikwenda kwenye namba nyingine kabisa. Kilichofanya kazi kwetu baada ya tukio ni kanuni moja iliyoandikwa kwenye daftari la kikundi: namba ya michango haibadilishwi kwa ujumbe. Inabadilishwa kwenye mkutano, watu wakiwa wamekaa, mweka hazina akiwa amesimama mbele. Ujumbe ukija tofauti, unapiga simu ya kawaida na kusikia sauti. Na hata sauti ikisema nibadilishieni namba, jibu ni "tutaongea kwenye mkutano". Haigharimu hata senti.

Kuhusu ruzuku, usajili wa wakulima unafanyika kwenye ofisi ya kijiji au mtaa. Hakuna haja ya kuweka faili lolote kwenye simu yako ili ubaki kwenye orodha. Ukitishwa kwamba utafutwa, njoo ofisini uulize. Tupo kwa ajili hiyo.

KWA MAAFISA WENZANGU

Tuache kurusha mafaili ya programu kwenye magrupu. Najua sababu, ni zile zile nilizokuwa nazo mimi: mtandao mbovu, bando ghali, muda mfupi, na ripoti inayotaka idadi ya wakulima waliofikiwa. Lakini kila tunapomwambia mkulima abonyeze "ruhusu" ili somo letu liende haraka, tunamwachia mlango wazi, sisi tunaondoka na pikipiki. Tukimfundisha programu, tumfundishe aishushe mwenyewe dukani kwake, hata kama watu watano tu ndio watakaofanikiwa siku hiyo badala ya ishirini. Na simu ikimwonya mkulima mbele yetu, tusimame naye, tulisome lile onyo pamoja, neno kwa neno. Dakika mbili hizo ni ugani pia.

Mimi nimeanza kurudi kwenye vikundi vyangu kimoja kimoja. Nakaa chini ya ule ule mwembe, nawaambia wafungue setingi, tunazima kile nilichowaambia wawashe. Sehemu kubwa wanacheka, wananiambia "bwana shamba leo umekuja kung'oa ulichopanda". Ni kweli. Palizi ya mwaka huu imeanzia huko.

Wiki ijayo tunarudi kwenye viwavijeshi, mahindi ya mapema yameshaanza kushambuliwa. Mpaka wakati huo, simu ikikuonya, simama kwanza.